Mpangaji Aandikwe Kwanza: Barua ya Wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Nakuru

Kwa Mheshimiwa Gavana Susan Kihika, na kwa waheshimiwa wawakilishi wadi wa Bunge la Kaunti ya Nakuru,

Nawaandikia kuhusu nyumba, na hasa kuhusu mtu ambaye kila mradi wa nyumba hapa kwetu huzinduliwa kwa niaba yake ilhali jina lake haliandikwi popote. Mtu huyo ni mpangaji. Ombi langu ni moja, na nitalitaja mapema ili msilisake katikati ya maneno mengi. Kabla nyumba yoyote ya zamani ya kaunti haijabomolewa, na kabla kipande chochote cha ardhi ya umma hakijakabidhiwa mjenzi, wapangaji wanaoishi hapo waandikwe katika rejista iliyo wazi, na haki yao ya kurudi kwa kodi wanayoimudu ipitishwe na bunge lenu iwe sheria ya kaunti. Yanayofuata ni sababu zangu.

Kaunti yetu ilirithi kutoka kwa baraza la manispaa mali kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bondeni, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo, Lumumba, Ojuka, Abong'lo Weya, Shauri Yako, Paul Machanga, Baharini: mitaa hii imekaa mahali ambapo mtu anaweza kwenda sokoni kwa miguu, akafika stendi ya matatu kwa miguu, na mtoto akaenda shule bila nauli. Mingine ilijengwa enzi za ukoloni, wakati serikali ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni aliyekuja kufanya kibarua na ambaye angerudi kijijini nguvu zikimwishia. Ndiyo maana vyumba vile ni vidogo na vyoo na mabomba ni ya kushirikiana. Havikukusudiwa familia. Familia zikaingia hata hivyo, zikazaa, zikazika, na sasa kuna wajukuu wanaolala katika chumba kilichopimwa kwa ajili ya kitanda cha mwanamume mmoja.

Sitetei kuta hizo. Paa nyingi zimechoka, mabomba ya maji taka yamezidiwa, na mvua kubwa ikinyesha kuna vijia ambavyo mtu hawezi kupita bila kuvua viatu. Anayesema mitaa hii ibaki kama ilivyo hajalala humo. Ninachotetea ni mahali pale pamoja na watu wake. Ardhi ya kaunti iliyo karibu na kitovu cha mji ndiyo ardhi pekee ambayo fundi wa jua kali, mama mboga, mfagiaji wa barabara na mlinzi wa usiku wanaweza kuishi juu yake bila soko la ardhi kuwasukuma hadi mwisho wa lami. Ikishauzwa au ikishabadilishwa matumizi, hakuna gavana atakayeweza kuinunua tena.

Tazameni ramani. Kaskazini tumezuiwa na volkano ya Menengai. Kusini tumezuiwa na ua wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, yenye kilomita za mraba 188. Mji umebanwa katikati, kwa hiyo unakua kwa urefu kufuata barabara kuu: mashariki kupitia Free Area hadi Lanet na mbele zaidi, magharibi kupitia Kiamunyi na upande wa Njoro. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti nzima. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulifurahi, nami nilifurahi. Lakini hadhi ya jiji hupandisha bei ya ploti siku ileile inapotangazwa, huku mshahara wa mfanyakazi wa hoteli ukibaki palepale. Upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit utaipandisha bei hiyo tena. Anayenufaika ni mwenye hatimiliki, na mpangaji analetewa barua ya nyongeza ya kodi.

Mradi wa nyumba wa Bondeni umejibu sehemu ya haja hii. Nyumba 605 zimesimama juu ya ardhi ya kaunti, mradi ulioanza chini ya Ajenda Nne Kuu za serikali iliyopita na kuingia katika mpango wa serikali ya sasa. Ni kazi inayoonekana kwa macho, na atakayesema serikali haijafanya lolote atakuwa anasema uongo. Nimewaona vijana waliopata kazi pale ya kubeba mawe, kufunga vyuma na kupiga plasta. Nawapongeza waliofanikisha. Hata hivyo nyumba 605, katika mji wa watu laki kadhaa, ni mwanzo tu, na jinsi mwanzo unavyogawanywa ndivyo mradi wa pili na wa tatu utakavyogawanywa.

Tuzungumze hesabu, kwa sababu hapa ndipo matumaini ya watu wengi hukatikia.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, iliyotiwa saini mwezi Machi mwaka huo, inamtoza kila mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Anayepata shilingi 20,000 anakatwa 300 kila mwezi. Sheria hiyohiyo imewagawa Wakenya kwa kipato: aliye chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za kijamii, na anayepata kuanzia hapo hadi 149,000 ametengewa nyumba za bei nafuu. Mgawanyo huo ni mzuri kwenye karatasi, maana unakiri kwamba maskini wa mtaa wa Rhonda na karani wa benki hawawezi kupanga foleni moja.

Sasa mchukueni mama anayeuza mboga pale Top Market, anayebakiwa na shilingi 15,000 katika mwezi mzuri. Mpeni nyumba ya shilingi milioni moja, bei ambayo kila mwanasiasa huitaja kuwa ya chini. Akiilipa kwa miaka 25 bila riba hata senti, ni shilingi 3,333 kwa mwezi. Hiyo anaiweza, pengine ndiyo anayolipa sasa kwa chumba chenye choo cha kushirikiana. Wekeni riba ya asilimia 9 na malipo yanaruka hadi takriban shilingi 8,400, zaidi ya nusu ya kipato chake, kabla ya unga, karo, nauli na tokeni za stima. Bado hajalipa ada ya usafi na ya ulinzi. Na amana ya kuanzia, ikiwa ni asilimia kumi, ni shilingi laki moja taslimu. Katika chama chake cha akina mama, laki moja ni zamu ambayo huenda asiione katika miaka mitatu.

Tofauti kati ya 3,333 na 8,400 haitokani na saruji wala na nondo. Inatokana na fedha zilivyokopwa na ardhi ilivyohesabiwa. Hapo ndipo kaunti ina nguvu, kwa maana ardhi ni yenu. Mkitoa ardhi bure kwa mradi, bei ya ardhi hiyo lazima ipunguzwe kwenye kodi ya mpangaji maskini, wala isiyeyukie kwenye faida ya mjenzi. Mkataba wa kila mradi unapaswa kusema wazi: ardhi hii ina thamani ya kiasi hiki, na thamani hiyo imerudishwa kwa wakazi kwa njia hii. Mkataba wa namna hiyo ubandikwe ukutani katika ofisi ya wadi, kwa Kiswahili, ili mzee wa mtaa ausome bila kutafuta wakili.

Wengi wa wakazi wa mji huu, kwa hakika, hawatafuti kununua. Wanatafuta chumba safi cha kupanga, kwa bei isiyobadilika ghafla, chenye maji na choo cha kufungwa kwa ndani. Kijana aliyetoka Elburgon kuja kutafuta kazi hataki mkopo wa miaka 25. Hajui kama mwaka ujao atakuwa Nakuru, Naivasha au Eldoret. Mfanyakazi wa shamba la maua anayeishi Karagita, Naivasha, hutegemea mkataba wa msimu. Mpango wa taifa umeelekezwa zaidi kwenye umiliki. Nyumba za kupangisha, ambazo kaunti ndiyo yenye uzoefu nazo kwa miongo mingi, hazina msemaji. Nawaomba muwe wasemaji wake. Jengeni nyumba za kaunti za kupangisha, ziendelee kuwa za kaunti, zisiuzwe hata baada ya miaka ishirini. Kodi yake iende katika mfuko wa matengenezo ambao hauwezi kuguswa kwa kazi nyingine. Mitaa ya zamani ilichakaa kwa kukosa mfuko huo: kodi ilikusanywa mwezi baada ya mwezi, na paa halikurudishiwa chochote.

Hadi leo, anayemjengea maskini wa Nakuru ni mwenye ploti. Kule Kaptembwo na Rhonda, kule Githima na Mwariki, utakuta ploti yenye vyumba kumi au ishirini vya mabati au vya mawe vilivyojipanga kuuzunguka uwanja mmoja, bomba moja, vyoo viwili vya shimo. Ni rahisi kumlaumu mwenye ploti. Baadhi yao wanastahili lawama. Lakini wengi ni wazee waliopata ardhi kwa jasho. Kaptembwo ilinunuliwa na chama cha ushirika kutoka kwa walowezi. Sehemu nyingine za kaunti zilinunuliwa na kampuni za wanahisa. Historia hii unaijua nyumbani kwako, Mheshimiwa Gavana. Marehemu baba yako, Dickson Kihika Kimani, aliongoza Ngwataniro Mutukanio, kampuni iliyowakusanya watu wa hisa ndogondogo wakanunua mashamba makubwa ya Bonde la Ufa. Kampuni na vyama vya aina hiyo viliwapa watu ardhi ambayo benki isingewapa, na pia kuna sehemu ambako wanachama walikaa miaka mingi wakisubiri hatimiliki. Hatimiliki isipokuwepo, mwenye ploti hajengi choo cha kudumu wala hakopi. Anaongeza chumba kingine cha mabati. Kwa hiyo kasi ya ofisi ya ardhi ni sehemu ya sera ya nyumba, hata kama haina sherehe ya kukata utepe.

Vivyo hivyo maji taka. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mfumo wa maji taka, ilhali mitambo miwili ya kusafisha, ule wa Old Town na ule wa Njoro, iko ng'ambo tu ya mitaa yenye msongamano. Mto Njoro hupita kando ya Rhonda na Kaptembwo kabla ya kuingia ziwani, na kila kinachotiririka kutoka katika vyoo vya shimo wakati wa masika kinaishia humo. Shirika la Practical Action na Umande Trust walifanya kazi na wenye ploti wa Rhonda na Kaptembwo kuboresha vyoo. Kampuni ya maji ya Nakuru, NAWASSCO, imefikia kutengeneza makaa ya kupikia kutokana na uchafu wa vyoo, jambo ambalo wageni huja kulitazama. Haya ni mafanikio yetu wenyewe. Bomba kuu la maji taka linalopita katikati ya Rhonda lingeboresha maisha ya watu wengi zaidi kuliko ghorofa lolote mtakalolizindua, kwa sababu kila mwenye ploti angeunganisha kwa gharama yake na vyoo vya shimo vingefukiwa. Ningependa kuona fedha za nyumba zikitumika hivyo. Nadhani hakuna matumizi bora kuliko hayo.

Kuhusu maji ya kunywa, sina haja ya kuwaeleza. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanaeleza. Madini ya floraidi katika maji ya visima vya Bonde la Ufa ni jambo la miaka mingi, na Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilikuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa wakati serikali ilikuwa kimya. Nyumba mpya yoyote ikichimbiwa kisima chake chenyewe bila kipimo cha floraidi itakuwa imejengwa nusu.

Mipango ya aina hii si migeni kwetu. Mwaka 1995 Nakuru iliteuliwa kuwa mojawapo ya miji michache duniani ya majaribio ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuleta Ajenda ya 21 katika ngazi ya mji, pamoja na Essaouira ya Morocco na Vinh ya Vietnam. Kwa msaada wa Ubelgiji na wataalamu wa chuo kikuu cha Leuven, madiwani, mafundi, wafanyabiashara na wakazi walikaa pamoja wakaandaa mpango wa muundo wa mji, na kufufua nyumba za baraza kulikuwa miongoni mwa shabaha zake. Mwaka huohuo wa 1995 kanuni za ujenzi za Kenya zilirekebishwa ili mtu aruhusiwe kujenga kwa vifaa vinavyopatikana, mradi jengo liwe imara na salama, badala ya kulazimishwa kufuata vipimo vilivyorithiwa kutoka Uingereza. Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji iliyozikubali kanuni hizo. Wazee waliokuwa kwenye vikao hivyo wengine bado wapo. Waiteni. Kabla ya kumlipa mshauri mpya kutoka Nairobi, tafuteni nyaraka hizo kwenye makabati ya manispaa ya zamani, muone ni mangapi yaliyokwisha kukubaliwa na watu na hayakutekelezwa.

Matofali ya udongo ya kufungamana yanaweza kufyatuliwa na kikundi cha vijana kwa mashine moja, bila kuni za kuchomea na kwa saruji kidogo. Idara ya nyumba inayajua. Lakini mkandarasi mkubwa anayekuja na mpango wa ghorofa kumi hayahitaji, na zabuni zikiandikwa kwa kumfikiria yeye peke yake, vijana wa Njoro na Molo waliofundishwa kazi hiyo watabaki na vyeti mfukoni. Zabuni za nyumba za chini na za ghorofa mbili zigawanywe vipande vidogo ambavyo vikundi vya mafundi wa kaunti vinaweza kuvibeba.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu, nalo ni udongo. Tumejenga juu ya majivu ya volkano na juu ya nyufa. Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu na barabara ikakatika. Mei mwaka huohuo bwawa la Patel kule Solai lilivunja kingo zake usiku na kuua watu zaidi ya arobaini. Aprili 2024 mafuriko ya Kamuchiri, Mai Mahiu, yaliwafagia watu wakiwa wamelala. Ziwa Nakuru lilipopanda, familia za upande wa Mwariki na Barut zilipoteza nyumba. Ziwa Naivasha nalo liliingia mtaa wa Kihoto mwaka 2020, kisha tena mwaka 2025. Watu wa Kihoto hawakuwa wajinga. Walinunua ploti walizoonyeshwa, wengine wakiwa na karatasi mkononi. Kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ni kaunti, basi, inayoweza kumwambia mnunuzi kabla hajatoa akiba yake: hapa ni njia ya maji, hapa pana ufa, usijenge. Ramani ya maeneo hayo iwe kwenye kila ofisi ya wadi, na aliyehamishwa na maji apewe nafasi katika nyumba za kijamii kabla ya mwingine yeyote. Hilo nalo liingie katika sheria ninayoiomba.

Sasa narudi kwenye mgawanyo, kwa kuwa hapa Nakuru mgawanyo si jambo la karani tu.

Sisi ni kaunti ya makabila yote. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliona jirani akimfukuza jirani, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema. Waliofurushwa walipopewa shilingi elfu kumi kumi na serikali, wapo waliozichanga. Kule Mai Mahiu vikundi vya wakimbizi wa ndani vilinunua ardhi pamoja, vikapima ploti, vikajenga. Kijiji cha Jikaze kilizaliwa hivyo. Watu waliopoteza kila kitu waliweza kugawana ardhi bila kupigana kwa sababu kila mmoja alijua nani ametoa nini na nani anapata wapi. Hesabu ilikuwa wazi. Katika kaunti yenye kumbukumbu kama zetu, orodha ya siri ya waliopewa nyumba ni hatari. Nyumba kumi zikipotelea mikononi mwa jamaa za wakubwa, wasiopata hawatasema mfumo umewaonea. Watasema kabila fulani limewaonea. Mnajua vizuri maneno hayo hutumiwaje mwaka wa uchaguzi.

Nairobi imetuonyesha njia mbili. Nyumba za ghorofa za Nyayo Highrise zilijengwa pembeni mwa Kibera zikitarajiwa kuwafaa watu wa Kibera, na zikaishia kukaliwa na watu wa kipato cha kati. Hakuna aliyetangaza kwamba maskini wasiingie. Bei na taratibu ziliwazuia kimyakimya. Kambi Moto, kule Huruma, ilikwenda njia nyingine. Wakazi wenyewe, wakisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji na Pamoja Trust, walihesabu kila kaya, wakaandika wenye mabanda na wapangaji katika daftari moja, kisha wakakubaliana na baraza la jiji mwaka 2003 kwamba mpangaji na mwenye banda watapata haki sawa. Walijenga kwa vipande vya ardhi vya mita nne na nusu kwa nne na nusu, ghorofa kwa ghorofa, kadiri akiba ilivyoruhusu, na hakuna aliyehamishwa mbali. Muungano una vikundi vya akiba hapa Nakuru pia. Wanajua kuhesabu kaya. Wapeni kazi hiyo Kivumbini na Flamingo, wakiwa na maafisa wenu, na daftari lisomwe hadharani hadi kila mtu akubali kwamba jina lake na la jirani yake yamo.

Najua watakaonijibu kwamba wapangaji wa mitaa ya kaunti wana malimbikizo ya kodi, na kwamba baadhi yao wamepangisha vyumba kwa watu wengine na wao wanaishi kwingine. Ni kweli. Rejista ndiyo itakayowafichua hao. Anayelala katika chumba ndiye aandikwe, awe na risiti ya kaunti au awe anamlipa mtu wa kati. Malimbikizo yajadiliwe na yalipwe polepole. Yasitumike kama sababu ya kumfuta mjane aliyeishi pale miaka arobaini. Na ikiwa lazima watu wahame ili ujenzi uanze, wapewe notisi ya miezi mitatu kama sheria ya ardhi inavyotaka, wapewe kodi ya makazi ya muda, na wapewe karatasi iliyotiwa muhuri yenye namba ya mlango watakaourudia.

Katiba haijawaacha na kisingizio. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa, na Jedwali la Nne limeweka nyumba miongoni mwa kazi za kaunti. Sheria ya 2024 imeunda kamati ya nyumba ya kaunti. Wakazi wangapi wanajua ni akina nani wanakaa humo? Ningependa kuona humo mpangaji mmoja kutoka mitaa ya zamani, mmoja kutoka Rhonda au Kaptembwo, na mmoja kutoka Naivasha, waliochaguliwa barazani na watu wao.

Jambo dogo la mwisho, lakini lina uzito kwa wanaoteseka nalo. Sheria inayodhibiti kodi za nyumba nchini inawalinda tu wanaolipa shilingi 2,500 au chini yake kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, na chumba cha kawaida chenye stima mjini kwetu kinaelekea kukivuka au kimekwisha kukivuka. Kukibadilisha ni kazi ya Bunge la Kitaifa. Lakini Seneta wetu na wabunge wetu wanatoka hapa hapa, na azimio la Bunge la Kaunti ya Nakuru lingewapa neno la kusema huko Nairobi. Lipitisheni.

Waheshimiwa wawakilishi wadi, mswada ninaouomba hauhitaji kurasa nyingi. Unahitaji rejista, haki ya kurudi, kodi inayopimwa kwa kipato, nyumba za kupangisha zisizouzwa, ramani za maeneo ya hatari, na mikataba iliyobandikwa ukutani. Uleteni katika kikao kijacho, na vikao vya kuwasikiliza wananchi vifanyike jioni au Jumapili mchana katika mitaa yenyewe, maana siku za kazi asubuhi wapangaji huwa sokoni, mashambani na kwenye mijengo. Wenyeji wa Kivumbini na Flamingo wako tayari kuleta viti. Nasi wengine tutakuja kuandika majina.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mkazi na mpangaji, Jiji la Nakuru